Makasha Yaliyoandikwa Hotuba

Evodie alikuwa anapepeta mchele kwenye meza yake sokoni wakati Jovial alipofika na pikipiki, akasimama mbele yake bila kuzima injini. Jovial ni mdogo wake, kazi yake ni kubeba abiria, na siku zote akifika pale huanza na utani, kwamba mchele wa dada yake una mawe mengi kuliko barabara ya Nyunzu. Jumanne ile, saa nne na nusu asubuhi, hakutania.

"Yaya, funga meza," alimwambia dada yake.

"Papa?"

"Funga meza, tuende."

Evodie hakuuliza tena. Alifunika mchele kwa gunia, akafanya ishara ya msalaba, akapanda nyuma. Njiani Jovial alimwambia kwa kugeuza shingo kidogo, maneno yakichukuliwa na upepo, kwamba baba yao amekata roho saa tatu, muuguzi akiwa anabadilisha chupa ya serumu. Walifika hospitalini. Pale aliona viatu vya mzee chini ya kitanda, vimepangwa sawasawa, kisigino kwa kisigino, jinsi alivyovipanga mwenyewe maisha yake yote. Hapo ndipo alipolia.

Hasira ilikuja saa saba mchana. Watu walikuwa wameshajaa uani, viti vimeazimwa, na jirani alikuwa ameweka redio dirishani ili wote wasikie tangazo, maana Jovial alishapeleka karatasi kule mlimani kwenye redio. Sauti ya msichana ikasoma taratibu: "Familia ya Kyungu inatangaza kifo cha Papa Kyungu Siméon, aliyekuwa sentineli wa redio yetu."

Sentineli. Mlinzi wa mlango.

"Wewe njo uliandika vile, ni wewe?" Evodie alimuuliza mdogo wake.

"Mimi niliandika fundi wa sauti. Tena kwa herufi kubwa."

Kulinda mlango si kazi ya aibu, na Evodie hakuwahi kuiona hivyo. Lakini Kyungu Siméon alikuwa amekaa miaka thelathini na mitano ndani ya chumba cha kurekodi kabla ya kusukumwa nje ya mlango huo na kuambiwa aulinde. Kumtaja kwa miaka ile michache ya mwisho, na kuimeza ile mingine yote, kulikuwa kumuiba mtu mbele ya maiti yake.

Alizaliwa Zongwe, kwa wavuvi, akaja Kalemie kusoma, akaishia darasa la pili la sekondari kwa kukosa minerval, karo ya shule. Akajifunza umeme kwenye karakana ya gari la moshi, na mwaka wa sabini na saba akaingia redioni. Walimpa mashine ya kanda, ile ya kubeba begani, nzito kama mtoto wa miaka minne, na kuanzia hapo hakutulia. Alipanda mtumbwi kwenda kurekodi nyimbo za wavuvi. Alipanda gari la moshi mpaka Kabalo kurekodi kwaya, akalala stesheni amekumbatia mashine. Alirekodi ngoma za kutawaza, vilio, nyimbo za kutwanga, matari ya akina mama wa Kiislamu wakati wa Maulidi, na maigizo ya Jumamosi ambayo mji mzima ulikuwa unayasubiri kando ya redio.

Maigizo hayo aliyapenda kupita kiasi. Mvua aliitengeneza kwa kumwaga mchele juu ya ungo. Ngumi ilikuwa gunia lenye unga uliolowa. Mara moja igizo lilihitaji mlango wa mchawi, na Siméon akaona milango yote ya redio haina mlio mzuri. Akaenda nyumbani, akang'oa mlango wake mwenyewe, akaubeba kichwani mpaka mlimani. Mke wake, Mama Pétronille, alilala siku tatu nyuma ya pazia.

"Mwizi akikuja nimuambie nini?" alimuuliza mumewe.

"Muambie mlango uko redioni, ausikilize Jumamosi saa mbili."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hakuna aliyeweza kumtoa humo, awe mkuu wa kijiji au padri. Kabla ya mtu kuimba, lazima aseme mambo matatu: jina lake, jina la baba yake, na maji anayokunywa. "Mimi ni fulani, mtoto wa fulani, ninakunywa maji ya Lukuga." Ndipo mzee alinyanyua kidole, na wimbo ukaanza. Alisema wimbo usio na mwenyewe ni kama nguo iliyookotwa, kila mtu ataivaa na kuichafua. Kuna babu mmoja wa Zongwe aliyeulizwa jina la baba yake akataja na babu zake wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka kanda ikaisha hajaimba hata neno. Siméon aliitunza kanda hiyo. Yeye mwenyewe hakujitaja kwenye kanda hata moja. Fundi hasikiki, alisema.

Mama Pétronille alikuwa na sauti. Waliomsikia kanisani wanaizungumzia mpaka leo. Pasaka ya mwaka themanini na tatu aliimba peke yake, kwaya ikimwitikia kwa chini, naye alisema kwanza jina lake, la baba yake, na maji yake, na mumewe akanyanyua kidole kama kwa mtu mwingine yeyote. Ni wimbo mmoja tu. Mama alikufa mwaka elfu mbili na moja, Jovial akiwa bado anabebwa mgongoni. Jovial hajui sauti ya mama yake. Haijui kabisa. Na Evodie, anayeijua, ameanza kuisahau.

Kwa hiyo Jumapili, siku mbili kabla ya kufa, mzee alipomshika Evodie mkono pale hospitalini, hakuzungumzia shamba wala nyumba.

"Siku ya kunitoa nyumbani," alisema, "watu wasiimbe kwanza. Mama yenu njo aimbe kwanza. Nitoke na sauti yake."

"Ndiyo, Papa."

"Kanda iko kwenye kasha la Hotuba. Mwaka themanini na tatu, mwezi wa ine. Fungua kifuniko, utaona."

"Nitaileta, Papa."

Aliahidi mbele ya rozari iliyoning'inia kwenye chuma cha kitanda. Ahadi ya namna hiyo hairudishwi.

Hapa inafaa kueleza kwa nini sauti ya Mama Pétronille ilikuwa ndani ya kasha lililoandikwa Hotuba. Mwaka themanini na sita, enzi za chama kimoja, kanda mpya ziliacha kufika Kalemie. Mkuu wa redio wa wakati ule akatoa amri: futeni muziki, mrekodi juu yake, lakini hotuba za wakubwa zisiguswe hata moja. Siméon alirudi nyumbani akashindwa kula siku mbili. Siku ya tatu aliingia kazini mapema, akafanya jambo ambalo wengine walifungwa kwa kufanya dogo kuliko hilo. Alifuta hotuba. Nyimbo akazitoa kwenye makasha ya Muziki, akazilaza ndani ya makasha ya Hotuba, na upande wa ndani wa kila kifuniko akaandika ukweli kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo: nani, mtoto wa nani, maji gani, mwaka gani. Makasha ya Muziki akayajaza kanda za kazi ya kila siku, matangazo ya arusi na mechi za mpira.

Aliyejua ni mke wake tu. Na kwa miaka kumi na moja hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuomba kusikiliza tena hotuba ya zamani.

Serikali ile ilipoanguka, ilikuwa saa ya kubadilisha maandishi. Hakubadilisha. Hofu ilikuwa imeshazoea kukaa mkononi mwake, akasema acha tuone kwanza. Wakaja askari, ikaja vita, ikawa kweli bora kunyamaza. Halafu mkewe akafa. Halafu zikaja kompyuta, wakamwambia macho yake yamechoka, wakamwondoa ndani, wakachukua ufunguo wa chumba cha kanda, wakampa kiti kando ya mlango mkubwa na tochi. Pale pale akaanza kuomba. Evodie ndiye aliyemwandikia barua, kwa Kifaransa kizuri, maana alimaliza sekondari na mwandiko wake ni safi. Barua tatu. Zote ziliomba kitu kimoja: aruhusiwe kuingia wiki moja tu, arekebishe maandishi ya makasha. Hakuna iliyojibiwa. Mkurugenzi mpya, Papa Isidore, alisimamisha gari mlangoni asubuhi moja, akashusha kioo.

"Papa Siméon, kazi yako ni mlango. Mambo ya ndani iko na wenyewe."

Wenyewe. Mtu aliyewaita wote kwa majina, na kwa majina ya baba zao, aliambiwa vitu vina wenyewe.

Jumatano asubuhi Evodie alivaa kitenge cheusi, akapanda mlimani na Jovial. Mezani pa kupokelea wageni alikaa Laurette, yule yule aliyesoma tangazo. Alisimama alipowaona.

"Mama Evodie, pole. Mimi nilisoma vile niliandikiwa. Directeur alifuta neno lenu, akasema tufuate karatasi ya kazi."

"Nimesikia. Muambie niko hapa."

Walipokuwa wanangoja, Jovial alimgusa dada yake bega. Kwenye kona ya ukumbi, mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa umekaa juu ya kitu kilichofunikwa kitambaa cha maua. Chini ya kitambaa ilionekana mashine ya mwisho ya kanda, ile kubwa ya chumba cha kurekodi. Vikombe vilikuwa vimepangwa juu yake.

Papa Isidore aliwapokea vizuri, lazima kusema kweli. Aliwapa viti, akatoa pole za redio nzima. Evodie akaeleza haja yake: kasha la Hotuba, themanini na tatu, mwezi wa nne, kwa ajili ya kesho tu.

"Hotuba?" Mkurugenzi alikunja uso. "Mama, zile tulitoa. Tulihitaji chumba kwa ajili ya studio ya picha. Siasa za zamani, nani anasikiliza? Muziki tulichunga. Makasha yote ya Muziki yako salama, tena tuliyafungua kusudi tuyaingize kwenye kompyuta."

"Mulikuta nini?"

"Matangazo ya arusi. Mipira. Kusema ukweli, na nisamehe siku kama ya leo, tuliona mzee hakuchunga kitu."

Baadaye Evodie alikuja kumwambia padri kwamba hapo alimwomba Mungu amfunge mikono.

"Alikuandikia barua tatu," alisema.

"Barua zinakuja nyingi."

"Zangu zilikuwa tatu. Niliziandika mimi mwenyewe. Zilisema, makasha yana maandishi ya uongo, nipe wiki moja niyatengeneze. Ulikuwa unapita mbele yake kila asubuhi, Papa Isidore. Anakufungulia mlango. Ungeuliza tu kwenye dirisha la gari, kuna nini ndani ya makasha, angekuambia."

"Sikujua."

"Haukujua kwa sababu haukuuliza. Na sasa unasema hakuchunga kitu. Mulizipeleka wapi?"

Mkurugenzi alitazama karatasi zake. "Mama wa ndagala walikuja kuomba. Zinafukuza ndege."

Jovial alitoka nje bila kuaga, pikipiki ikasikika inawaka.

Kule ufukweni, mahali wanapoanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, Evodie aliziona kabla hata hajashuka kwenye pikipiki ya Jovial. Kamba za rangi ya kahawia, nyembamba, zilizovutwa kutoka mti hadi mti juu ya samaki, zinang'aa kama maji na kuvuma kwa upepo wa ziwa. Ndege walizunguka mbali, hawakuthubutu kushuka. Kila mtu wa Kalemie ameona kanda za kaseti zimefungwa hivyo, na yeye mwenyewe amepita chini yake mara nyingi bila kufikiri. Leo alizifuata kwa macho, kamba kwa kamba.

Mama Mouna, mkubwa wa wanawake wale, alikuwa anageuza samaki kwa ufagio. Ni mjukuu wa wafanyabiashara wa zamani wa ziwa, mama wa Kiislamu mnene, mwenye mdomo mkali anayejulikana bandari nzima.

"Karibu, mama. Unataka kilo ngapi?"

"Sitaki ndagala. Nataka hizi kamba."

"Zile ni maneno ya wanasiasa," Mouna alicheka. "Walisema miaka yote hawakufanya kazi. Hapa njo wameanza kazi, wanafukuza kunguru."

Wanawake wengine wakacheka. Evodie hakucheka, na vicheko vyao vikafa kimoja kimoja.

"Ni baba yangu alizirekodi. Amekufa jana. Hakuna siasa ndani. Makasha yake yako wapi?"

Makasha yalikuwepo. Ni karatasi ngumu nzuri, hakuna mwanamke anayetupa kitu kama hicho. Mengine yalitunza chumvi, mengine nyuzi na sindano za kushonea nyavu. Mouna alileta lake, akamwaga sindano kwenye kanga, akampa. Juu imeandikwa kwa wino: Hotuba, Aprili 1983. Evodie akakigeuza kifuniko kwenye jua. Herufi ndogo za kalamu ya risasi zilikuwa bado zinasomeka. Pétronille, mtoto wa Kalunga, maji ya Kalemie. Pasaka.

"Kanda ya hili kasha iko wapi, Mama Mouna?"

Mouna aligeuka. Alinyoosha mkono kuelekea kamba za kwanza. Zilikuwa zimekatwa kwa kisu, kipande kwa kipande, arobaini na kitu, zimefungwa mafundo kwenye miti, zimekunjamana kwa jua, zinanuka samaki, hakuna mashine ambayo ingeweza kuzisikilizisha tena. Ijumaa iliyopita, Mouna alisema, zilikuwa bado nzima ndani ya kasha. Ijumaa iliyopita mzee alikuwa bado anakula uji.

Jovial alizitazama muda mrefu. "Njo mama?" aliuliza. Dada yake aliitika kwa kichwa.

Wakati huo mwanamke mmoja kijana alikuwa amefungua kasha lake la chumvi, anasoma ndani ya kifuniko kwa shida, akifuata kwa kidole. Alisoma kwa sauti: "Mwajuma, mutoto wa Sulemani, maji ya Lukuga. Matari ya Maulidi."

Ufagio wa Mouna ulianguka. Mwajuma alikuwa mama yake mzazi. Aliketi pale pale mchangani kati ya samaki, hakuomba kiti.

"Mama yangu," alisema. "Nimemutundika juu ya ndagala."

"Ulifanya vile uliambiwa," Evodie alisema, na hasira yake ilipita juu ya kichwa cha Mouna, ikarudi mlimani. "Wao njo walikuambia ni upuuzi. Hawakufungua hata kifuniko kimoja."

Kamba zote zilishushwa mchana ule. Ndege wakashuka na kula walivyotaka, hakuna aliyewafukuza. Katika karai nyuma ya kibanda zilikutwa kanda sita ambazo hazijaguswa, na moja ilikuwa ya Mwajuma. Mouna aliibeba mwenyewe kwa mikono miwili mpaka nyumbani kwa Evodie, zikafungiwa zote sita kwenye pipa la mchele. Vipande vya Mama Pétronille walivizungusha kwenye kijiti, Evodie ameshika, Jovial anazungusha. Ilichukua mpaka alasiri.

"Ile mashine ya pale ukumbini nitaenda kuiomba, tusikilize hizi sita," Jovial alisema.

"Hautaiomba. Utaidai. Papa aliitumia kabla yule mutu hajazaliwa. Wao watafutie mtungi wao meza."

Evodie alikwenda kuungama jioni. Alimweleza padri waziwazi kwamba kumsamehe Papa Isidore hawezi leo, wala kesho, labda Pasaka. Padri alimwambia Mungu anasubiri, lakini aanze kujaribu. Akasema atajaribu. Hasira ilibaki, na yeye aliona ina haki ya kubaki.

Alhamisi walimtoa. Saa nane, jeneza likiwa katikati ya uwanja na kifuniko bado hakijapigwa misumari, Evodie aliweka kile kijiti chenye kanda chini ya mkono wa kulia wa baba yake. Kwaya ya parokia ilikuwa tayari kuanza, akawaomba wangoje. Akasimama upande wa kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Huyu ni Kyungu Siméon, mtoto wa Kyungu Mwamba. Alikunywa maji ya Zongwe. Hakuwahi kujitaja, basi nimemutaja mimi."

Kisha akawaambia wanakwaya kila mmoja aseme lake kabla ya kuimba. Kiongozi wa kwaya alinong'ona kwamba wako ishirini na wawili, itakuwa ndefu.

"Itakuwa ndefu," Evodie alisema.

Walisema mmoja mmoja. Watu walisimama kwenye jua, wakasikiliza majina yote na baba zao wote na maji yao yote. Wa mwisho hakuwa mwanakwaya. Mama Mouna alikuwa amesimama nyuma na wanawake wa ndagala, kanga kichwani. Akajitaja, akamtaja Mwajuma badala ya baba, akataja na maji yake. Ndipo kwaya ikaimba ule wimbo wa Pasaka. Sehemu ya kuimba peke yake, ile ya Mama Pétronille, waliiacha bila mtu. Waliitikia tu, kwa chini, mahali pao.

Misumari ikapigwa. Walimbeba kwa zamu mpaka makaburini, Jovial akiwa mbele kushoto. Laurette alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Redio ilituma taji la maua lenye utepe ulioandikwa neno lile lile, sentineli. Evodie aliufungua utepe, akaukunja, akampa Laurette aurudishe, maua akayaacha. Padri alisoma sala, akanyunyizia maji. Jeneza lilishushwa kwa kamba mbili. Evodie alitupa udongo wa kwanza, Jovial wa pili, kisha wengine. Kaburi lilipojaa walisimika msalaba wa mbao ambao Jovial aliupaka rangi asubuhi: Kyungu Siméon, Fundi wa Sauti. Wakasali Baba Yetu. Ilipofika saa kumi na moja kasorobo watu wote walikuwa wamenawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa njiani, wakarudi nyumbani kwa miguu.